Fundi, mshauri wa semina au tajiri: nani akulee kibiashara hapa Lamu?

Kijana wa Lamu anayeanza biashara hana shida ya kupata ushauri. Akikaa barazani mtaa wa Mkomani baada ya Alasiri atashauriwa na watu watano kabla kahawa haijapoa, na kila mmoja ana hakika na lake. Mtu adimu ni yule wa kumlea: anayekuwa naye msimu huu na msimu ujao, anayejua kazi imefika wapi, na ambaye kijana anaweza kumwambia "nimeshindwa kulipa" bila kupigwa hotuba.

Watu wa namna hiyo hapa kwetu hutoka pande tatu. Kuna fundi mkongwe, aliyeshika patasi au tezo kabla wewe hujazaliwa. Kuna mshauri wa semina, anayeletwa na mradi wa serikali au wa shirika, na projekta yake na vyeti vya kuhudhuria. Na kuna tajiri: mwenye maboti, mwenye duka la jumla au mwenye nyumba ya wageni, ambaye ushauri wake huja ukiongozana na pesa. Nimekaa upande wa wanaoshauriwa na upande wa wanaoshauri. Kipimo changu kikubwa katika kuwalinganisha ni kimoja ambacho matangazo ya miradi hayakitaji: nani kati yao anasikiliza.

Nimekichagua kwa ajili ya pesa zaidi kuliko adabu. Biashara ya Lamu ina vikwazo ambavyo havionekani ukiwa mbali. Magari hayaingii vichochoro vya mji mkongwe. Mzigo unashuka kwenye lori Mokowe upande wa bara, unapanda boti, unashuka gatini, unapanda punda au bega la hamali, na kila hatua ina wa kulipwa. Halafu kuna misimu. Kaskazi, tangu Desemba mpaka Machi, bahari ni shwari na wageni wapo. Ikiingia kusi mwezi wa Aprili huja na mvua na mawimbi, na nyumba nyingine za wageni Shela hufunga kabisa. Ramadhani nayo husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kuubadilisha mwezi mzima wa soko la chakula. Jinsi mambo haya yanavyogongana ndani ya biashara moja ndogo anaijua yule anayeifanya. Mlezi asiyemuuliza atampangia biashara ya mji mwingine.

Fundi mkongwe

Huyu ndiye mlezi wa asili wa pwani hii, na kwa kazi za mikono simwoni wa kumshinda. Majahazi ya Matondoni hayaanzi kwenye karatasi. Mkuku, ule uti wa chini, unalazwa, mataruma, yaani mbavu, yanafuata, na umbo la chombo limo machoni mwa fundi. Elimu ya aina hiyo haiwezi kuandikwa kwenye vitini vya semina. Unaipata kwa kushika ubao upande wa pili huku yeye akipigilia, kwa kutia kalafati mpaka vidole viote sugu, kwa kuharibu kipande na kuambiwa umekiharibia wapi. Ni hivyo hivyo kwa nakshi za milango, kwa viatu vya ngozi vya Siyu, kwa mikeka ya Kipungani.

Lakini tuseme kweli. Karakana za zamani nyingi hazikujengwa juu ya kusikiliza. Mwanafunzi alikuwa mkono wa bure. Miaka ya kwanza unafagia, unaleta chai, unapiga msasa, na swali likizidi moja unaitwa mjuaji. Wapo wazee waliofundisha vizuri kwa njia hiyo, nami siidharau, maana inajenga jicho na subira. Tatizo huanza pale kijana anapotoka kwenye ufundi na kuingia kwenye biashara. Mzee amezoea kuchonga mlango mmoja kwa mteja anayemjua, aliyetoa arbuni, ambaye ukichelewa atapita kukusalimu na kukuuliza. Sasa anakuja kijana anayetaka kuchonga visanduku mia moja vya duka la Nairobi, na wanunuzi wengine awatafute kwa picha za simu. Hapo ndipo utamjua fundi wako. Mwenye kiburi atasema hiyo si kazi, ni uchafu. Mnyenyekevu atasema, "Hilo silijui, njoo unionyeshe." Kisha, baada ya kuona, atakwambia visanduku vyako vitapasuka vikikaa Nairobi wiki tatu, kwa sababu mbao bado mbichi na hewa ya kule ni kavu kuliko yetu. Angekutimua mwanzo usingelisikia hilo, na lina thamani kuliko mkopo.

Kwamba fundi wa Lamu anaweza kufungua masikio na heshima yake ikabaki palepale, ushahidi wake uliwahi kushushwa majini. Septemba 2018 ilizinduliwa hapa Lamu Flipflopi, chombo cha urefu wa mita 9 hivi kilichojengwa kwa plastiki iliyokusanywa na kuyeyushwa upya, kikapambwa kwa vipande vya kandambili za kila rangi. Aliyeongoza ujenzi ni Ali Skanda, fundi wa majahazi wa hapa. Ubao wa plastiki hauna nyuzi za mti, na joto huulegeza. Kwa hiyo fundi alilazimika kuijaribu upya kazi anayoijua, na wenye wazo walilazimika kumwachia fundi aseme kipi kitaelea. Mwanzoni mwa 2019 kikasafiri kilomita 500 hivi mpaka Unguja. Nikiwasikia vijana wakisema wazee hawafundishiki huwa nawatajia chombo hicho.

Gharama ya fundi ni muda wako na utii wako. Anayetegemewa nyumbani hawezi kukaa miaka miwili bila posho, kwa hiyo masharti yasemwe mapema: atakupa nini kwa wiki, siku gani ni za kazi yako mwenyewe, na mteja aliyekuja kupitia kwako ni wa nani. Wengi huona haya kuyataja mbele ya mzee. Basi mtume ami au mjomba ayaseme kwa niaba yako. Posa tunazipeleka hivyo hivyo, na hakuna anayesema bwana harusi hana ulimi.

Mshauri wa semina

Huyu vijana humdharau kuliko inavyostahili, na wafadhili humsifu kuliko inavyostahili. Thamani yake iko kwenye karatasi na hesabu. Atakuonyesha jinsi ya kusajili jina la biashara kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na kuchukua leseni ya kaunti. Anajua kwamba asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, jambo ambalo seremala anayeweza kutengeneza madawati hapaswi kulisikia kwa bahati. Anajua mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, kuanzia gredi ya 3 kupanda hadi ya 1, ambayo kijana aliyefundishwa na babu yake tu anaweza kuifanya akapata cheti. Anajua Hazina ya Vijana iliyoanzishwa 2006, na Hazina ya Hustler iliyoanza Novemba 2022 kwa mikopo ya watu binafsi ya shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka. Fundi wa nakshi hajui hata moja katika hayo, wala hana sababu ya kuyajua.

Udhaifu wake ni kwamba anakuja na majibu kabla ya maswali. Anashuka uwanja wa ndege wa Manda asubuhi, anavushwa, anaingia ukumbini, ana siku mbili, na mradi umeshamwandikia atakachosema. Mfano wake ni wa mfugaji wa kuku Kiambu. Mwisho anauliza, "Tumeelewana?" na ukumbi mzima unajibu ndiyo. Hapa adabu yetu wenyewe inatuponza. Kijana wa pwani hampingi mkubwa hadharani, na akiwa mgeni ndiyo zaidi. Kimya chetu anakipokea kama kukubali, anapanda boti akiwa ameridhika, na sisi tunabaki na vitini.

Mshauri msikivu anaijua hali hiyo, kwa hiyo maswali yake ya maana hayaulizi ukumbini. Anakuja kesho yake kazini kwako, anakaa kwenye kigoda, anaomba kuona daftari hata kama ni kurasa nne zilizochanika, anauliza mwezi gani ulikuwa mbaya na ulijikwamua vipi. Akishasikia kwamba mlango mmoja unakuchukua miezi miwili mpaka ulipwe salio, hatakuhimiza uchukue mkopo wa kurudisha ndani ya siku 14. Mkopo huo unamfaa muuza mboga wa sokoni, ambaye pesa yake inazunguka kila siku. Asiyesikiliza atawasajili nyote wawili palepale, kwa sababu fomu yake inahesabu waliosajiliwa.

Kuna kisa ambacho watoa semina hukipenda. Ernesto Sirolli, Mwitaliano, alikuwa Zambia miaka ya 1970 na shirika la kwao, wakiwafundisha wenyeji wa bonde la Zambezi kulima nyanya. Walistaajabu kuona udongo mzuri namna ile haulimwi. Nyanya zilipoiva vizuri, viboko walitoka mtoni usiku wakazifagia zote. Wenyeji wakasema ndiyo maana hawalimi pale. Wageni wakauliza: mbona hamkutuambia? Wakajibiwa: hamkutuuliza. Wengi wa wanaokisimulia huchekesha ukumbi, kisha wanarudi kwenye slaidi ya kumi na tisa kana kwamba kisa kilimhusu mtu mwingine.

Sehemu wasiyoisimulia ndiyo yenye faida kwetu. Mwaka 1985, katika mji mdogo wa pwani wa Esperance, Australia Magharibi, Sirolli alianza kufanya kazi bila mradi wowote mkononi. Hakuwa na semina. Alikaa kwenye migahawa akimngoja mtu mwenye hamu ya kufanya jambo lake mwenyewe, na asipoitwa hakwenda. Wavuvi wa hapo walikuwa wakiuza jodari kiwandani kwa senti 60 kilo. Akawasaidia kupata njia ya kumuuza kwa dola 15 kilo, kwa ajili ya sushi Japani. Bahari ilikuwa ileile, na wavuvi walewale. Nikifikiria kamba mawe wa Kizingitini, na safari wanayopiga kabla ya kufika mezani kwa mtu, naona mshauri wa namna hiyo angekuwa na kazi ya kutosha hapa bila kuleta projekta.

Jambo moja la kumsifu mgeni huyu, ambalo watu hulisahau: anaondoka. Lamu ni ndogo. Ukimwambia fundi wako kwamba una deni la laki moja, kuna hatari likafika mtaa wa Langoni kabla yako, si kwa ubaya bali kwa sababu barazani watu huzungumza. Mshauri anayelala Nairobi hana wa kumsimulia. Kuna mambo ya aibu ambayo ni salama zaidi kwenye sikio la mtu asiyejua mama yako ni nani.

Tajiri

Katika mambo ya soko, nusu saa ya tajiri hushinda siku mbili za semina. Anajua mnunuzi gani wa Mombasa hulipa na yupi hukukimbiza. Amewahi kufilisika akarudi, na akitaka kusema kweli atakwambia jinsi alivyofilisika. Simu yake moja inaweza kuuza mzigo ambao wewe ungekaa nao mpaka kusi ikatike.

Ila sikio lake limefungwa pamoja na mfuko wake. Tazama uvuvi wetu. Mnunuzi humtangulizia mvuvi nyavu, mashine ya boti, mafuta, pengine na pesa za sikukuu, kisha mvuvi hana uhuru wa kumuuzia mwingine, na bei anaitaja mnunuzi. Si lazima mtu huyo awe mbaya. Wengi wao ndio wanaokimbiliwa mtoto akiugua usiku. Lakini ushauri wake kuhusu bei ni ushauri wa mnunuzi, hata akuite mwanangu mara kumi.

Bangladesh mwaka 1976, Muhammad Yunus, profesa wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Chittagong, alikuwa akipita katika kijiji cha Jobra kilicho jirani na chuo. Akamuuliza mwanamke anayetengeneza vigoda vya mianzi kazi yake inavyokwenda. Akaambiwa mianzi anaipata kwa mkopo wa mchuuzi, na vigoda lazima amuuzie mchuuzi huyohuyo kwa bei ya mchuuzi. Yunus aliomba orodha ya walio katika hali kama ile. Walipatikana watu 42, na deni lao wote kwa jumla halikuzidi dola 27. Akalilipa kwa pesa zake. Kutoka hapo ikazaliwa Grameen ya mikopo midogo, iliyopewa hadhi ya benki mwaka 1983, na Nobeli ya Amani ikafuata 2006. Mtu anaweza kuwa na mengi ya kubishana kuhusu mikopo midogo, nami ninayo. Ila zingatia mwanzo wake: mwenye shahada ya juu ya uchumi alilazimika kumuuliza mtengeneza vigoda ndipo ajue uchumi wa kijiji kilicho nje ya lango la chuo.

Kwa hiyo kanuni yangu kwa tajiri ni ngumu na siilegezi. Asiwe mnunuzi wako, na asiwe mkopeshaji wako. Chukua tajiri wa biashara nyingine. Mwenye maboti amlee mwoka mikate. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi amlee mshona kofia. Hapo hana bei ya kuilinda, na maswali yake yatakuwa maswali kweli, kwa sababu kazi yako haijui.

Wenzako, na suala la wasichana

Kikundi cha rika, chama cha watu sita au saba wanaokutana kila wiki, ndicho chenye masikio makubwa kuliko wote niliowataja. Kila mmoja anahitaji zamu yake ya kusikilizwa, basi anatoa na kupokea. Maarifa yao lakini yanaishia pale yako yanapoishia. Kitumie kwa kukumbushana kuweka hesabu, usikitegemee kwa zaidi ya hapo.

Kwa msichana ulinganisho wote huu unabadilika. Baraza si lake, karakana ya fundi mara nyingi si yake, na kukaa na tajiri kwenye ofisi iliyofungwa mlango kutazua maneno. Mlezi wake huwa shangazi, mama mkubwa au jirani: anayeshona kofia za vito, anayepaka hina za maharusi, anayepika mahamri na sambusa za Ramadhani. Kwa usikivu walezi hawa wana nafasi nzuri kuliko wanaume, kwani wanafanya kazi pamoja chumba kimoja, mikono ikiwa na shughuli na ulimi ukiwa huru. Udhaifu wao ninaouona sana ni kutohesabu jasho lao. Kofia inayoshonwa wiki nyingi huuzwa kana kwamba uzi ndio uliogharimu peke yake, na mwanafunzi hurithi bei hiyo pamoja na mshono.

Hapa mshauri wa semina angefaa kuliko mahali pengine popote, lau ratiba yake ingekuwa na adabu. Ukiona mafunzo ya wanawake yamepangwa Ijumaa mchana, au yanaendelea mpaka karibu na Magharibi mbali na majumba, elewa hakuna aliyewauliza wanawake. Mradi unaosikiliza utautambua hata kabla ya neno la kwanza: umeuliza saa, umeuliza mahali, umeuliza watoto watakaa na nani.

Msikivu asiye na faida

Lazima niseme na hili, kwa sababu siku hizi unyenyekevu umekuwa fasheni kwa walezi. Yupo mlezi anayesikiliza vizuri sana na hafai kitu. Anatikisa kichwa. Anasema, "Wewe ndiye unayeijua biashara yako." Unatoka umefurahi, na bei yako inaendelea kula mtaji wako. Fundi anayeona mwimo umekaa upande akanyamaza ili asikuvunje moyo, amekuibia. Kusikiliza ninakokusifu mimi ni kwa daktari anayeuliza maumivu yako wapi, tangu lini, ulikula nini, kisha anakupa dawa chungu.

Alama ya kumtofautisha ni hii: baada ya kukusikiliza, anasema jambo ambalo asingeweza kumwambia kijana mwingine. "Tunza akiba" anaambiwa kila mtu. "Usiagize mbao mwezi wa Mei, agiza Machi kabla usafiri haujawa mgumu, hata kama itabidi uuze ile kabati kwa hasara" ni ushauri wa mtu aliyekuwa anasikia.

Kikao cha kwanza kitakwambia mengi

Usimwombe mtu awe mlezi wako siku ya kwanza. Mpelekee shida moja ndogo, ya kweli, uone anaifanya nini. Angalia nani amezungumza zaidi. Angalia kama ameomba kuja kuona kazi ilipo au amemaliza kila kitu akiwa amekaa. Msikilize kama neno "sijui" linamtoka bila kukwama. Muulize biashara yake iliyowahi kufa. Anayejibu kwamba hajawahi kupoteza, au anasema uongo au anafanya biashara ya babake. Na kabla ya kumwambia habari za madeni, muulize wazi kama yatabaki kwenu wawili.

Fundi huenda akafeli kwenye kusema "sijui" na akafaulu kwenye kuja kuona kazi. Mshauri kinyume chake. Tajiri atafeli kwenye kuzungumza kidogo, nami ningemsamehe hilo kama anajibu swali la biashara iliyokufa. Wasipofeli popote, shuku kidogo.

Ningechagua vipi

Sirolli huyo huyo ana hoja ambayo naikubali: kutengeneza, kuuza na kutunza pesa ni mambo matatu, na hajazaliwa anayeyapenda yote kwa usawa. Walezi nao vivyo hivyo. Anayemtafuta mmoja wa kumfaa kwa yote matatu ataishia kwa mwenye sauti kubwa.

Kama bidhaa yenyewe haijasimama, nenda kwa fundi, na usiende kwingine kwanza. Semina kwa mtu ambaye viatu vyake vinabanduka soli ni kumfundisha kutangaza aibu. Kama bidhaa inauzika lakini huelewi pesa zinapotelea wapi, unamhitaji mshauri, na wakati mzuri wa kumtumia ni msimu wa kusi, kazi zikiwa chache na daftari linaweza kukaliwa. Kama bidhaa ipo na hesabu zipo na mnunuzi hayupo, mtafute tajiri wa biashara nyingine kabla kaskazi haijaingia. Ukimwendea Januari atakuwa hana hata muda wa kukuitikia salamu.

Ningelazimishwa kuchukua mmoja tu, ningemchukua fundi mwenye kusema "nionyeshe", hata akiwa hajui kusoma. Karatasi za eCitizen mtu yeyote wa duka la huduma za mtandao atakujazia kwa ada ndogo. Jicho la miaka arobaini halijazwi na mtu.

Na ukifika wakati wa kuachana, kila mmoja ana njia yake. Kwa fundi, rudisha vifaa, maliza kazi ya mteja wake uliyoianza, kisha nenda na mkubwa wenu ukamuage. Usifungue karakana mtaa uleule kabla hujamwambia. Kwa tajiri, hakikisha hakuna hata shilingi ya mafuta ya boti iliyobaki bila kuandikwa. Kwa mshauri wa mradi huna haja ya kuaga, mradi wenyewe utakwisha. Mwombe tu nambari yake mapema, na umuulize kama atapokea simu mwezi wa Juni.